Kulika si Kusuguliwa: Mkusanyaji Chipukizi wa Kibarani na Kazi ya Kukadiria Hali ya Sarafu

Maneno sarafu na sarufi yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti s, r na f, ambao maana yake ya msingi ni kugeuza au kubadilisha. Sarufi huchunguza namna maneno yanavyogeuka umbo. Sarafu hubadilishwa mkono kwa mkono. Na masurufu, yale anayopewa msafiri kwa matumizi ya njiani, yamo katika ukoo huohuo. Katika miji ya biashara ya Bahari ya Hindi palikuwa na watu ambao riziki yao ilitokana na mzizi huo: wabadilishaji fedha, ambao kazi yao ilikuwa kuishika sarafu, kuigeuza, kuipima uzito, kusikiliza mlio wake na kuamua kama inastahili thamani inayodaiwa. Makala haya yanahusu kazi hiyo ya kutazama na kuamua, kama inavyomkabili mtu anayeanza kukusanya sarafu katika eneo la Kibarani, jirani na mji wa Kilifi. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuifanya kazi hiyo vizuri, na kwamba nyenzo hizo zimo katika minyambuliko ya vitenzi ambayo kila mwanafunzi wa lugha hii anaifahamu.

Sehemu ya pwani iliyo kati ya Kilifi na Malindi si mahali pageni kwa sarafu. Katika karne ya 19, mashamba na masoko ya Takaungu na Malindi yalitumia reale, yaani ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Baadaye ikaja rupia ya India, ambayo serikali ya kikoloni iliitumia kutoza kodi ya nyumba. Wagiriama walioinuka dhidi ya utawala huo mwaka 1913 na 1914, wakati wa Mekatilili wa Menza, walitozwa faini ya rupia 100,000 baada ya kushindwa. Mwaka 1920 rupia iliondolewa na florini ikashika nafasi yake kwa muda mfupi mno; mwaka 1921 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki; na mwaka 1966 Kenya ikatoa sarafu zake yenyewe zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Majina nayo yalisafiri kutoka mfumo hadi mfumo. Thumuni ni neno linalomaanisha sehemu moja ya nane, lakini nchini Kenya lilibaki kuwa jina la senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi.

Kwa hiyo mkebe wa zamani wa majani ya chai unaotolewa chini ya kitanda cha mzee huko Kibarani unaweza kuwa na tawala nne ndani yake. Swali ambalo kijana anayeufungua huuliza kwanza ni hili: zina thamani gani? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni: ziko katika hali gani? Sarafu mbili za mwaka mmoja, kiwanda kimoja na madini yaleyale zinaweza kutofautiana bei mara kumi au zaidi kwa sababu ya hali peke yake, na mnunuzi mjanja anayezunguka vijijini hutegemea kwamba muuzaji hajui kuitaja tofauti hiyo. Asiye na maneno ya kuelezea alicho nacho hupewa maneno na mwenzake, pamoja na bei.

Nchi nyingine zimeunda mizani ya kutaja hali. Waingereza walizoea kutumia maneno machache ya sifa, kuanzia sarafu iliyochoka hadi ile ambayo haijaingia sokoni. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za nchi yake, akapendekeza namba kutoka 1 hadi 70. Wazo lake lilikuwa la kibiashara: ikiwa sarafu mbovu kabisa ina thamani ya dola moja, iliyo kamilifu iwe na thamani ya dola 70. Bei zilikataa kutii hesabu hiyo, lakini namba zimebaki, na tangu miaka ya 1980 kampuni za Marekani zimekuwa zikifungia sarafu katika vikasha vya plastiki vilivyoandikwa namba hizo. Mtu wa Kibarani mwenye senti kumi za tundu hahitaji kuanza na namba. Wataalamu wenyewe hutofautiana kuhusu namba moja au mbili, na namba isiyo na maelezo haimwambii mtu kilichoipata sarafu.

Kinachohitajika kwanza ni kutenganisha aina mbili za mabadiliko, na hapa sarufi inaingia kazini. Sarafu inayopita mikononi, mifukoni na mezani kwa miaka mingi huondokewa na chuma chake kidogo kidogo, na hakuna mtu mmoja aliyekusudia jambo hilo. Kiswahili husema kwamba imelika. Kitenzi hicho ni la katika kauli ya kutendeka. Sarafu imeingia katika hali fulani na mtenda hatajwi wala hatafutwi. Kinyume chake, sarafu iliyosuguliwa kwa mchanga, iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, iliyopindwa au kuchongwa ukingo iko katika kauli ya kutendwa. Kuna mtu aliyetenda, hata kama hajulikani. Wakusanyaji duniani kote huitenganisha sarafu iliyochakaa kwa haki na sarafu iliyoharibiwa. Ya kwanza hupewa daraja lake, ya pili hutajwa kwa kasoro yake na mara nyingi hukosa daraja kabisa. Mzungumzaji wa Kiswahili hufanya utenganisho huo kwa kuchagua kati ya imefutika na imefutwa.

Madaraja yenyewe basi yanaweza kutajwa kwa vitenzi vya hali: haijatumika, imetumika kidogo, imelika kidogo, imelika, imechakaa, imefutika. Hayo ni mapendekezo tu, na mwenye masikio makali anaweza kuyaboresha. Faida yake ni kwamba kiambishi -me- kinabeba hasa kile mkadiriaji anachotaka kusema, yaani tendo lililopita ambalo matokeo yake yangali yanaonekana. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'aro wake wa kiwandani wote. Iliyotumika kidogo imepoteza mng'aro huo kwenye sehemu zilizoinuka tu. Iliyolika kidogo ina michoro yote, lakini ncha zake zimelala. Iliyolika imepoteza sehemu ya michoro midogo. Iliyochakaa inaonyesha umbo la jumla na maandishi yanayosomeka kwa shida. Iliyofutika hutambulika kwa ukubwa na rangi, basi.

Mpaka kati ya kauli hizo mbili hauko wazi kila mara. Sarafu mpya husafirishwa kutoka kiwandani kwa magunia au masanduku, zikigongana njia nzima, na kwa hiyo sarafu ambayo haijatumika inaweza kuwa na mikwaruzo mingi usoni. Je, imekwaruzika au imekwaruzwa? Mkadiriaji huangalia kama mikwaruzo ni mifupi, imetawanyika na haina mwelekeo mmoja. Hiyo ni ya safari. Mistari myembamba iliyo sambamba, inayofuata mkondo mmoja, ni ya mkono wenye kitambaa au brashi.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo humpotosha mwanafunzi kuliko zote: kasoro ya kuzaliwa nayo. Sarafu hugongwa kati ya mihuri miwili migumu. Mgongo ukiwa dhaifu, au muhuri ukiwa umetumika sana, michoro haijai vizuri na sarafu hutoka kiwandani ikiwa na sura hafifu. Sehemu kama hiyo huonekana kama imelika ilhali haijawahi kuguswa. Dawa ni kutazama uso mtupu unaozunguka mchoro. Ikiwa uso huo una mng'aro wake wa asili na mchoro pekee ndio hafifu, kosa ni la kiwanda. Ikiwa vyote viwili vimefifia pamoja, sarafu imelika.

Njia nzuri ya kujifunza haihitaji sarafu adimu. Mwanafunzi atafute sarafu kumi za aina moja, kwa mfano shilingi za Kenya zenye sura ya Kenyatta zilizogongwa miaka ya 1960 na 1970, azipange mezani kuanzia ile iliyochoka kabisa hadi ile iliyo bora. Atumie taa moja, iliyo kando na wala si juu ya kichwa, na kioo cha kukuzia mara tano hadi kumi. Kila sarafu ishikwe kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, maana jasho la vidole huacha alama ambayo baada ya miezi huwa doa. Kisha aiinamishe polepole. Mng'aro wa asili hutembea. Sarafu ikigeuzwa, mwanga huzunguka usoni kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Sarafu iliyong'arishwa na mtu hung'aa pote kwa usawa na mwanga wake hausogei. Anayeuona mwanga huo ukizunguka mara moja tu hausahau tena.

Baada ya mwanga, macho yaende kwenye vilele. Kila mchoro una mahali palipoinuka kuliko pengine, na hapo ndipo kulika huanza. Kwenye shilingi ya Kenyatta vilele ni nywele zilizo juu ya sikio, nyusi na ndevu. Upande wa pili ni ngao na simba wanaoishikilia. Neno Harambee lililo kwenye utepe chini ya ngao ni kipimo kizuri kwa anayeanza: herufi zake zote zikisomeka kwa makali, sarafu haijafika mbali, zikianza kuungana, imelika. Kwenye shilingi ya Afrika Mashariki mtu atazame manyoya ya shingo na ubavu wa simba aliyesimama mbele ya milima, na upande wa mfalme atazame nywele na, kwa George wa Tano, ndevu. Shilingi hizo za mwanzo zina jambo la ziada. Kuanzia 1921 robo tu ya uzito wake ilikuwa fedha halisi, na kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, ikaja shaba iliyochanganywa na nikeli. Sarafu ya fedha hafifu ikilika, vilele vyake hugeuka rangi kwa sababu shaba iliyo ndani hujitokeza. Ni rahisi kuidhania kutu, na wengi hukimbilia kuisugua.

Senti za tundu zinastahili maelezo yake. Senti moja, tano na kumi za Afrika Mashariki ziligongwa zikiwa na tundu katikati, na watu walizitunga kwenye uzi. Upande mmoja una pembe za ndovu zinazolizunguka tundu. Upande wa pili una taji, jina la mfalme na thamani. Kilele cha kutazama ni mgongo wa pembe. Lakini tundu hilo lisichanganywe na tundu la fundi. Reale na rupia nyingi za pwani zilitobolewa au kuunganishwa kikuku ili zitumike kama mapambo, na kila moja kati ya hizo, kwa mizani ya mkusanyaji, imeharibiwa. Sarufi haimsaidii mtu hapa, kwa kuwa hata kiwandani senti ilitobolewa. Kinachotofautisha ni kingo: tundu la kiwandani liko katikati kabisa, na mchoro umepangwa kulizunguka, la fundi hukata herufi au shingo ya malkia bila kujali. Inafaa kusema pia kwamba daraja la mkusanyaji halimalizi habari. Rupia iliyovaliwa na bibi harusi ni ushahidi wa aina nyingine, na makavazi yanaweza kuithamini kuliko ile isiyo na doa.

Hasara kubwa zaidi katika mikebe ya Kibarani, hata hivyo, hutokea pale mtu anapotaka kuipendezesha sarafu kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Katika nyumba ambamo sufuria husuguliwa kwa jivu na makumbi mpaka zikang'aa, ni jambo la kawaida kufikiri kwamba sarafu nayo ifanyiwe hivyo. Jivu na mchanga ni chembe ngumu ambazo hukwangua uso wa chuma. Ndimu ni asidi. Huiyeyusha ngozi nyembamba ya rangi ambayo shaba na fedha hujijengea kwa miongo, na chini yake hubaki uso wa waridi au mweupe usio na uhai. Ngozi hiyo ya rangi, ambayo kwenye shaba huwa hudhurungi iliyokoza na kwenye fedha huwa kijivu, si uchafu. Hulinda chuma, na ndiyo inayomwonyesha mkadiriaji kwamba sarafu haijachezewa. Ikiondolewa hairudi kwa amri ya mtu. Dakika tano za jivu na ndimu huihamisha sarafu kutoka imelika kidogo hadi imesuguliwa, na hakuna fundi wa kuirejesha.

Kuna ubaguzi mmoja ambao watu wa pwani hawana budi kuujua. Hewa yenye chumvi ya bahari hubeba kloridi, na ikiingia ndani ya shaba huanzisha mlo usiokoma: madoa ya unga wa kijani kilichopauka hutokea, hukwanguka kwa ukucha na kurudi tena. Kutu ngumu ya kijani iliyotulia haina madhara makubwa, lakini unga huo ni ugonjwa. Sarafu yenye dalili hiyo itengwe na nyingine, iwekwe pakavu, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali iepukwe, kwa kuwa hutoa kemikali zinazoacha ute wa kijani. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi, au kikasha cha plastiki ngumu, hutosha.

Umri nao si daraja. Reale ya Maria Theresa ni mfano mzuri, kwa sababu kila moja imeandikwa 1780, mwaka alipofariki malkia huyo, na bado ziligongwa kwa mwaka huohuo karne mbili zilizofuata, si Vienna tu, bali pia Roma, London, Paris, Bombay na Birmingham. Kwa hiyo reale inayong'aa yenye mwaka 1780 haijatunzwa kimuujiza. Inawezekana iligongwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Uzito wake halali ni gramu 28 na kidogo, na mizani ya sonara itaifichua ya bandia mara nyingi. Wafanyabiashara wa Arabuni na Uhabeshi walikuwa na mbinu yao: walihesabu lulu za bizimu iliyo begani mwa malkia, ambazo zinapaswa kuwa tisa, na reale iliyolika kiasi kwamba lulu hazihesabiki iliweza kukataliwa. Walikuwa wakikadiria hali ya sarafu, kwa kutumia kilele kimoja walichokichagua, kabla Sheldon hajazaliwa.

Sarafu zinazotoka ardhini ziko nje ya mizani hii yote. Katika magofu ya Gede, ambayo James Kirkman aliyachimba kuanzia 1948, nyumba moja ilipewa jina kutokana na sarafu za Kichina zilizopatikana humo. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na China waliokuwa wakichimba Mambrui, kaskazini mwa Malindi, walipata sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Hakuna aliyeuliza kama imelika kidogo au sana. Umuhimu wake ulikuwa tabaka la udongo ilimokuwa, na vitu vilivyokuwa kando yake. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nazo zina upekee wa kumfurahisha mwanafunzi wa fasihi: upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yanayofuata kina cha jina hilo. Pale jina linapofutika nusu, kina kilichobaki upande wa pili humsaidia msomaji kukisia ni sultani yupi. Asiyejua hayo akiiokota sarafu ya namna hiyo ufukweni na kuisugua, anafuta shairi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi huvihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa vitu vya kale, na kuvipeleka nje kunahitaji kibali. Anayepata sarafu ardhini aiache kama ilivyo, aandike mahali alipoipata, na awaarifu maofisa wa makavazi.

Kazi ya kukadiria huishia kwenye maandishi. Kila sarafu ipewe kadi yake, na kadi iseme kilichoonekana kabla ya kusema daraja. Mfano unaofaa ni senti kumi za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane, aliyeacha ufalme mwezi Desemba mwaka huohuo. Kwa kuwa senti za tundu hazina sura ya mfalme, ziliweza kugongwa mapema kwa jina lake tu, na zilitoka katika viwanda vitatu: London bila alama, Heaton wa Birmingham kwa herufi H, na King's Norton kwa herufi KN. Wauzaji husifu kisa chake na kudai bei kubwa, lakini ziligongwa kwa wingi na bado zinapatikana kwa urahisi. Ni hali yake inayoitenganisha moja na nyingine. Kadi ya sarafu kama hiyo, iliyoandikwa Kibarani, ingesomeka hivi: Senti 10, Afrika Mashariki, 1936, Edward VIII, alama H. Migongo ya pembe imelala. Herufi zote zinasomeka kwa makali. Mng'aro umebaki pembeni mwa taji. Mikwaruzo mifupi miwili upande wa thamani. Rangi ya hudhurungi, sawa pande zote. Imelika kidogo. Haijasuguliwa.